Chumba cha Vioo Nyuma ya Nyumba

Vijana wa ofisini, mliniaga kwa keki na kadi, na mmoja wenu akaniuliza, mdomo bado umejaa, kazi hii ilikuwaje zamani. Sikumjibu. Keki ilikuwa nzuri na jibu lilikuwa refu. Sasa nimestaafu, nina muda kuliko ninavyouhitaji, basi najaribu kumjibu. Vyeo sitavisimulia. Nilivyopewa vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na mikutano yake.

Kazi yenyewe mnaijua. Mzee anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe, kipato chake ni kidogo, majira ya baridi yanakuja. Serikali inamsaidia kulipia gesi au umeme wa kupasha nyumba joto, na ikibidi inambadilishia tanuri la chini, lile tunaloliita fanesi, au inatuma mafundi wazibe mahali joto linapotorokea. Inaelezeka kwa pumzi moja. Ndiyo maana watu wengi hudhani ni kazi rahisi.

Nilianzia Louisville. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini upande wa Kigoma, na nilifika Kentucky nikiwa mtu mzima mwenye mtoto mmoja. Nilipanga maboksi ghalani hadi mgongo ukagoma. Mchungaji wetu aliposikia kuwa ofisi ya msaada wa joto inatafuta mtu wa kutafsiri Kiswahili, alinipeleka kwa gari lake, na njia nzima aliongea yeye, sikupata nafasi ya kukataa.

Siku ya kwanza waliniketisha kati ya mzee mmoja Mkongo na mfanyakazi aliyeitwa Loretta, mwanamke mweusi mzaliwa wa mji ule, aliyekuwa amezeeka katika kazi ile. Loretta akauliza fanesi ya mzee ina umri gani. Mimi fanesi nilikuwa sijaiona maishani. Nikatafsiri jiko. Mzee akajibu kwa furaha kwamba ni jipya kabisa, binti yake amelinunua, lina hata saa. Loretta akauliza linatumia gesi au mafuta. Mzee akasema mafuta kidogo tu, daktari amemkataza. Tukaendelea hivyo hadi Loretta akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akatuchukua sote wawili hadi kwenye chumba cha chini ya jengo, akatuonyesha lile dude la bati linalonguruma. Mzee akaliangalia sana. Akaniambia, "Kumbe ni hili ndilo linalolia usiku. Mimi nilikuwa ninaliombea."

Loretta ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na kipimajoto cha kuelekeza ukutani kama bastola, lakini alichokiamini zaidi ni kijiti cha udi. Alikiwasha, akakipitisha taratibu kandokando ya dirisha, na moshi ulipopinda ghafla alijua upepo unaingilia hapo. Aliniambia nisimuulize mzee yeyote kama anasikia baridi, kwa sababu atasema hasikii. Wazee wote husema hawasikii. "Muulize anakunywa wapi kahawa yake asubuhi," alisema. "Wakati wa baridi hakuna mtu anayeishi kwenye nyumba nzima. Kila mtu ana chumba chake kimoja alichokimbilia. Kitafute hicho kwanza, mengine yatafuata."

Loretta alikufa kabla ya kuonja pensheni yake. Sanduku lake la vifaa alipewa mpwa wake, ambaye sidhani alijua ni vya nini.

Binti yangu alipopata nafasi chuoni Columbus, nilimfuata. Nilisema namfuata ili nimpikie. Ukweli ni kwamba sikujua kukaa peke yangu. Tulipanga karibu na chuo, mtaa wa wanafunzi, na ofisi ya huko ikanichukua kwa sababu nilikuja tayari nimefundishwa. Huko ndiko nilikokutana kwa mara ya kwanza na kile Wamarekani wanachokiita sanrumu, chumba cha vioo vitupu kilichobandikwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya kuota jua. Mwenye nyumba anapokuwa kijana na mshahara upo, ni chumba kizuri sana. Akizeeka, kinakuwa kama dirisha kubwa ambalo mtu amesahau kulifunga.

Mteja wangu wa kwanza mwenye chumba hicho aliitwa Margaret, mjane wa mwalimu wa chuo. Mtu angeitazama nyumba yake kutoka barabarani asingefikiri anahitaji msaada. Nilimkuta jikoni amevaa koti na kofia ya sufu. Nikamuuliza anakunywa wapi kahawa, akanionyesha pale pale jikoni, amesimama. Joto lote lilikuwa kwenye chumba cha vioo, na ndani yake hapakuwa na mtu, kulikuwa na mlimau. Marehemu mumewe aliuotesha kutoka kwenye mbegu. Ulikuwa umefika darini, majani yanang'aa, na yeye mwenye nyumba vidole vyake vilikuwa vya buluu.

Tulimweleza kwamba serikali haiwezi kupasha joto mti. Alielewa, alikuwa mtu msomi na mpole. Mafundi wakaziba mabomba ya joto yaliyoelekea kule, wakaweka mlango mzito. Mlimau ulikufa kabla ya Krismasi. Mwaka uliofuata nilienda kumkagua, akanifungulia mlango akiwa na blauzi nyepesi. "Njoo uone nilivyo na joto," aliniambia, akanizungusha chumba hadi chumba. Hakunikaribisha kiti. Nyumba ilikuwa na joto, yeye alikuwa hai, na kwa vipimo vyetu vyote tulikuwa tumefanya kazi nzuri. Nilitoka pale sijisikii vizuri na sikujua nimlaumu nani.

Kisha binti yangu akaolewa Buffalo, nami nikahamia Buffalo. Huko ndiko mlikonikuta ninyi. Baridi ya Louisville ni ya kulalamikia na ya Columbus ni ya kuvumilia, lakini ile ya Buffalo inakuja na mipango yake. Huko nilifanya kazi miaka mingi kuliko mahali pengine popote, na huko ndiko nilikokutana na Mzee Elisha na Mama Penina.

Baadhi yenu mmewahi kuisikia habari yao, ila mliisikia vibaya, kwenye semina. Nitafika hapo.

Walikuwa watu wa milima ya Kivu ya Kusini, Wakristo, waliofika Marekani wakiwa tayari wana mvi. Watoto wao walifanya kazi viwandani na kwenye maghala, wakachangishana, wakawanunulia wazazi nyumba ndogo pembeni ya barabara ya Bailey. Baadaye watoto wote wakatawanyika kufuata kazi, isipokuwa binti mmoja, Rahabu, aliyekaa upande wa North Buffalo na kufanya shifti za mchana na za usiku kwa kubadilishana.

Kampuni ya gesi ilitishia kuwakatia. Kijana mmoja wa ofisi yetu alishangaa jinsi nyumba ya wazee wawili inavyoweza kuchoma gesi kama shule, akadhani kuna bomba linavuja. Nikatumwa mimi kwa sababu ya lugha.

Mzee Elisha alinifungulia mlango wa mbele. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti la suti juu ya sweta mbili. Sebule ilikuwa baridi kama nje. Nilipomuuliza wanakunywa wapi chai asubuhi, alinitazama kama mtu aliyekamatwa, akanipeleka nyuma.

Kilikuwa chumba cha vioo pande tatu. Katikati kulikuwa na kitanda, na kwenye kitanda Mama Penina, mdogo kama mtoto wa shule, blanketi hadi kidevuni. Hita za umeme zilikuwa zimemzunguka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na jikoni oveni ya gesi ilikuwa inawaka mlango wake umeachwa wazi ili joto limfikie. Kile kifaa nilichokuwa nacho mkandani, kinachonusa hewa mbaya ya moto, kikaanza kulia papo hapo. Nilizima oveni na kufungua milango. Baridi ikaingia yote kwa pamoja. Mama Penina akaanza kulia kwa sauti nyembamba, na mzee akasimama katikati akiwa hajui amkimbilie nani.

Hewa iliposafika tuliketi kitandani, maana viti havikuwepo. Nikamwambia, "Baba, oveni ile ingewaua wote wawili. Mngelala na msingeamka."

"Nimesikia, mama."

"Kwa nini hamlali chumbani? Kuna chumba kizuri pale mbele."

"Bon. Mama, mimi sikatae. Lakini huyu, akili yake imerudia kule kwetu. Kule juu batu walikuwa banakuja usiku, banachoma nyumba. Sasa akilala mu chumba yenye ukuta, anaamuka, anapiga kelele, anasema banakuja na sisi hatuwaone. Hapa anaona pande zote. Donc, hapa njo analala." Kwa Kiswahili cha kwao, "njo" ni "ndipo" au "ndiyo".

"Na wewe hapa unalala?"

"Mimi ninalala kidogo."

"Mzee, lakini baridi hii."

"Hata kwetu kulikuwa baridi," alisema. "Ile milima iko na baridi sana. Lakini baridi ya kwetu ilikuwa inabakia nje."

Nilirudi ofisini nikamweleza msimamizi wetu, Theresa. Wengi wenu hamkumkuta, na wanaomkumbuka humsema vibaya. Mimi simsemi vibaya. Nilimwomba chumba kile kihesabiwe kuwa chumba cha kulala, kipashwe joto kwa msaada wa serikali, vioo vibadilishwe. Aliangalia picha nilizopiga, akakaa nazo. Akasema, "Connie" (ofisini Konsolata lilikuwa jina refu mno kwao), "nikipasha joto vioo kwa nyumba hii, kuna wazee wengine kwenye foleni watakaokuta mfuko mtupu. Unataka nimfungie nani mlango?" Msaada wa fanesi mpya ulikuwepo, wa gesi ulikuwepo, lakini kwa sharti lile lile la Columbus: chumba cha vioo kitengwe na nyumba.

Nilirudi kwa Mzee Elisha na sharti hilo. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja tu, kama kuna dirisha la mbele litakaloonyesha barabara.

Lilikuwepo, dirisha pana la sebuleni, lakini limezibwa na kichaka kilichoota ovyo. Mkuu wa mafundi alikuwa Danny, mtu wa maneno machache aliyekuwa akipiga mluzi kutwa. Nilimweleza jambo la Mama Penina nikiwa na wasiwasi kwamba atasema si kazi yake, na kwa kweli haikuwa kazi yake. Alienda kwenye gari lake, akaja na msumeno, akakikata kichaka chote hadi chini, akakiburuta hadi ukingoni mwa barabara. Kisha kwenye kioo cha dirisha akatandika ile nailoni nyembamba inayokazwa kwa mashine ya kukaushia nywele, akaivuta na kuipasha hadi ikawa haionekani kabisa. Vijana, nimeona mafundi wengi wakiifanya kazi ile, na wengi huacha mikunjo. Danny hakuacha hata mmoja.

Tukahamishia kitanda sebuleni, kikielekea barabara. Fanesi mpya ikafungwa. Chumba cha vioo kikapigwa mlango mnene, na mpira wa kuzuia upepo kuzunguka fremu. Jioni ile sebule ilikuwa na joto ambalo nyumba ile labda haikuwahi kulijua tangu ijengwe. Mama Penina alilitazama dirisha. Akasema, "Nyuma je?"

Mzee Elisha akamvutia blanketi hadi kidevuni.

Wiki iliyofuata Rahabu aliniambia kilichotokea. Usiku wa kwanza mama yake hakulala kabisa. Alikesha akigeuza shingo kati ya dirisha na ule mlango mnene, akinong'ona kwamba wamepita nyuma. Usiku wa pili baba yake alivuta kiti akakiweka mahali ambapo angeweza kuona dirisha na mlango kwa pamoja. Akavaa koti lake la suti, akaketi. Akamwambia mkewe, "Lala. Mimi njo niko zamu."

Naye akalala.

Basi ikawa hivyo. Usiku mzee anashika zamu, mchana anasinzia sinzia mkewe akiwa macho anataka chakula, anataka chooni, anataka kujua ng'ombe wako wapi. Nilipopita kumkagua alikuwa akinitolea tabasamu na kunishukuru kwa fanesi. Kila mara alikuwa anashukuru kwa fanesi. Koti la suti lilizidi kuwa kubwa kwake.

Nilimwambia, "Baba, lala usiku mmoja. Mwache Rahabu ashike zamu."

"Rahabu anatumika usiku, iko ku kazi."

"Basi kanisani."

"Wanakuja, wanaomba, banaenda. Na yeye hawaamini. Anasema hawajui njia ya nyuma, ile ba adui banapitia." Akacheka kidogo. "Mimi ninajua ile njia. Mimi njo nilimupitishaka tukikimbia."

Nilitafuta msaada. Ofisi ya joto haina mtu wa kukaa kitini usiku, mnajua. Niliwapigia wanaohusika na walezi wa nyumbani; wakasema mama anastahili, tena sana, na kwamba wapo kwenye foleni. Niliwapigia tena, na tena. Mwanamke aliyekuwa akipokea simu akafika mahali ananitambua kwa sauti, ananijibu kwa huruma kabla sijauliza. Theresa naye alipiga, kwa jina lake na cheo chake. Foleni haikusogea.

Mwishoni mwa majira ya baridi, asubuhi moja, Rahabu alitoka shifti akapitia kwa wazazi wake na mkate. Alifungua mlango kwa ufunguo wake. Ndani kulikuwa na joto zuri, fanesi inanguruma polepole chini. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, macho makavu, ametulia kuliko alivyokuwa kwa muda mrefu. Baba yake alikuwa kitini, koti limefungwa vifungo, kichwa kimeinama kidogo upande wa dirisha. Rahabu akaita, "Papa?" Mama Penina akaweka kidole mdomoni.

"Usipige kelele," alimwambia. "Baba yako yuko zamu."

Daktari alisema ni moyo. Alisema huenda alikuwa amekwisha kufa tangu usiku wa manane, na kwamba joto la nyumba lilifanya iwe vigumu kusema saa. Rahabu aliponisimulia sentensi hiyo ya mwisho alirudia mara mbili, joto la nyumba.

Mazishi yalikuwa makubwa. Watu walikuja kutoka Louisville na Columbus, maana watu wa milima ile wanajuana popote walipo. Waliimba vizuri sana. Ardhi ilikuwa bado ngumu na makaburini walilazimika kuleta mashine.

Sasa ile semina. Mwaka mmoja baadaye ofisi iliandaa mafunzo kwa wafanyakazi wapya, na mtu aliyetoka makao makuu, ambaye hakuwahi kufika Bailey, alionyesha ukutani picha mbili za nyumba moja, zilizopigwa kutoka ubavuni kwa kamera ya joto. Kwenye ya kwanza nyuma ya nyumba palikuwa pekundu kama kidonda, joto lote linamwagika kwenye vioo. Kwenye ya pili nyumba nzima ilikuwa ya buluu, imefungwa vizuri, haipotezi kitu. Akasema huu ndio mfano wa kazi inavyotakiwa kuwa. Niliitambua nyumba kwa kisiki cha kichaka. Ninyi mliandika. Kulikuwa na wakati wa maswali, na mimi nilikuwa na moja, lakini sikujua namna ya kulifanya liwe swali. Danny alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango. Alitoka nje, na siku ile sikumsikia akipiga mluzi.

Msinielewe vibaya. Kazi ile ilitakiwa kufanywa. Wangebaki kwenye vioo vile na oveni wazi, tungewazika wote wawili kabla ya mwaka mpya, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Endeleeni kutandika nailoni bila mikunjo. Endeleeni kuwauliza wazee wanakunywa wapi chai. Ila mkipata jibu, kaeni kidogo zaidi, muulize na kwa nini hapo, hata kama hamna kitu cha kuwapa baada ya kusikia. Mara nyingi hamtakuwa nacho. Mimi kwa miaka yote sikukizoea kile kitendo cha kufunga mkoba na kuaga.

Nyumba ya Bailey iliuzwa. Mama Penina anaishi kwa Rahabu, North Buffalo, ghorofa ya pili, chumba kidogo chenye dirisha moja. Foleni ya walezi ilifika hatimaye. Mlezi anakuja mchana, msichana mwema, lakini mama hamkubali alale pale. Rahabu alibadilisha shifti ili awe nyumbani usiku, akawa anashika zamu yeye, anaenda kazini macho mekundu. Siku moja akanipigia simu. "Mama Konsolata, wewe unajua misaada yote ya serikali. Hakuna ya mtu wa kukaa tu?" Nikamwambia hakuna ninayoijua. Wiki ile ile ndiyo niliyostaafu.

Basi mkiuliza ninafanya nini siku hizi, jioni ninaenda kwa Rahabu. Si kila siku, mgongo haunikubalii. Ninachukua kiti, ninakiweka panapoonyesha dirisha na mlango kwa pamoja, na Rahabu anaingia chumbani kwake anaanguka kitandani na viatu vyake. Mama Penina ananichunguza. Juzi aliniuliza kama ninaijua njia ya nyuma. Nikamwambia ninaijua.

Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akajilaza, lakini hakufumba macho.

"Yule wa zamu, wa mbele yako," akasema, "alikuwa anaona muzuri kukushinda."